Asali ya Mzinga Wangu

Kijiji chetu kilikuwa nyumba chache tu katikati ya msitu, na mvua ilinyesha karibu kila alasiri. Asubuhi wanawake walitafuta kuni na uyoga, wanaume wakaenda kukagua mizinga. Nguo hazikukauka, moshi ulituumiza macho, na chui alitumalizia mbuzi. Nayataja haya kwa sababu wenzangu hapa Dubai hudhani nimetoka peponi.

Nilipokuwa naondoka kuja kulinda geti la jengo la ghorofa huku Silicon Oasis, baba alinitundikia mzinga wa mwerezi kwenye mti nyuma ya nyumba. Kwetu mzinga wa aliyesafiri hauguswi. Wengine huurina akifa tu, na asali hiyo huliwa na wote walioishi naye. Baba mwenyewe alifariki nikiwa huku, sikuruhusiwa kwenda kumzika. Nikabaki na mzinga. Kila mama alipopanda kilimani kutafuta mtandao anipigie, nilimuuliza habari za nyuki wangu, naye akajibu, "Wapo, wanakungoja."

Kisha binti wa jirani yetu wa kijijini akaja kufanya kazi za nyumbani mtaa wa Al Warqa, hapa hapa Dubai. Ijumaa moja alinikabidhi chupa ya soda iliyojaa asali nyeusi, akasema imetoka kwa mama. Hakunitazama usoni. Nilimpigia mama palepale, na kwa mara ya kwanza simu yangu ikaingia.

"Hii ni ya mzinga upi?"

"Ni wako, mwanangu."

"Mama, mimi niko hai."

"Najua. Askari wa msitu walikuja wakachoma nyumba zote. Sasa tuko kando ya barabara, chini ya turubai. Miti nayo inakatwa. Ningewaachia wao?"

"Ungeniuliza kwanza."

"Ungesema nini? Kula tu. Huku hakuna tena pa kurudi."

Nilimkatia simu. Nilijua hana kosa, lakini sikuwa na mwingine wa kumkasirikia.

Jioni wenzangu wa chumbani walipika chapati. Niliiweka ile chupa katikati yao. Mganda mmoja alionja, akalamba kidole. "Yalla, kaa tule," akaniambia. "Hii si ya dukani."

Nilisema nimeshiba. Waliimaliza yote, hata chupa wakaisuuza kwa chai, nami nikakaa kitandani nikiwatazama.