Hodi Chini ya Mashua

Nyinyi mnaoniulizanga mzee wa Iguhu alienda kutafuta nini kwa mashua, mimi niliitwa na mtoto anayelia. Mjukuu wa kaka yangu Shimenga alizaliwa hapa kwetu akiwa mzima kabisa, halafu akaanza kulia na kukataa kunyonya. Hospitalini walimpima, wakasema hana ugonjwa. Lakini sisi tunajua mtoto wa namna hiyo anataka nini. Anataka jina la mtu wa ukoo aliyetangulia. Tulimwitia babu zetu mmoja mmoja, unaita huku unamtazama kama atanyamaza. Aliwakataa wote. Lilibaki jina moja tu, Shimenga, na hilo shemeji yangu Rasoa, nyanya yake mtoto, alikuwa amelikataza.

"Majina ni ya wafu," alisema. "Nani alimwona Shimenga amekufa?"

Kweli, hakuna. Kaka yangu alivuka ziwa kufuata samaki wa kuuza, mtumbwi ukazama, maiti haikupatikana. Tulingoja, tukachoka, tukazika mgomba wa ndizi badala yake, vile tunavyofanyanga mtu akikosekana. Rasoa hakuja kaburini. Hakunyoa nywele. Na tangu hapo hajawahi kutia komeo mlango wake akilala, eti mwenye nyumba asije akakuta pamefungwa. Wakimwambia wezi wataingia, anajibu, "Waingie. Wataona sufuria."

Ijumaa asubuhi Josefu, mwana wa Shimenga na baba wa mtoto, alikuja kutuchukua na gari la kukodi. Kazi yake ni kulinda mashua ya matanga ya Mzungu mmoja kule Kisumu. Mzungu alikuwa amerudi kwao kidogo, akamruhusu kukaribisha jamaa wikendi hiyo. Josefu alinivuta kando ya zizi.

"Baba mdogo, mtoto anaisha. Mama akiyaona yale maji, labda atakubali."

Basi tukaenda, mimi, Rasoa, Josefu, na mkewe Agneta akiwa amempakata mtoto. Kutoka Iguhu tulitokea barabara kubwa pale Sigalagala. Zamani barabara hiyo niliitembea kwa miguu nikipeleka ng'ombe wa mahari, na ng'ombe mwenyewe alikuwa kilema, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Mtoto alilia mpaka Chavakali, akalia mpaka Kiboswa. Tulipoanza kuteremka, ziwa likaonekana huko chini, jeupe kama bati lililoanikwa juani. Mtoto akanyamaza ghafla. Hakuwa amelala. Macho yalikuwa wazi.

"Ni hayo?" Rasoa akauliza.

"Ni hayo, mama."

"Mbona yametulia hivyo?"

Josefu akaendelea kuteremsha gari.

Mchana tulifika. Mashua ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye gati la mbao, nyeupe, ndefu, na mlingoti wake kama nguzo ya stima isiyo na waya. Matanga yalikuwa yamekunjwa. Magugu maji yalikuwa yameizunguka pande zote, ungesema imeegeshwa katikati ya shamba la sukuma wiki. Mimi nikasimama pale gatini, nikakataa kupanda.

"Josefu, mimi ni baba yako. Nitalalaje katika nyumba ya mtoto wangu, na kwetu ni mwiko?"

"Baba mdogo, hii si nyumba. Nyumba iko na msingi."

"Tena si yake, ni ya Mzungu," Agneta akaongeza.

"Basi nitalala kwa Mzungu."

Rasoa akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Sema tu umesikia harufu ya kuku, shemeji."

Ndani mlikuwa na viti, jiko la gesi, vitanda vyembamba kama rafu za duka. Choo chake unakipiga pampu kama baiskeli. Nilipiga sana, Josefu akaja mbio kunizuia nisituzamishe.

Jioni tulikula obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku wetu, na firigisi nikapewa mimi. Mtoto alikuwa ameanza kulia tena. Ndipo tukasikia. Ko, ko. Kimya. Ko. Ilitoka chini ya miguu yetu, upande wa maji. Mtoto akanyamaza, akageuza uso kutazama sakafu.

"Ni kamba," Josefu akasema.

"Kamba iko juu," nikamwambia.

"Basi ni samaki."

Tonge lilikuwa limemponyoka Rasoa mkononi. Shimenga hakuwa mtu wa kuita hodi kwa mdomo. Alikuwa anagonga kwa vidole, mara mbili, anatulia, halafu moja. Nililala naye nyumba moja ujana wangu wote, naijua. Nilimtazama Rasoa, naye akanitazama. Kugonga kulipokoma, mtoto akaendelea kulia pale alipoachia.

Jumamosi asubuhi nilipanda juu kukiwa na ukungu. Ndani ya yale magugu palikuwa na njia. Maji meusi, upana wa mabega ya mtu mmoja, kutoka ziwani moja kwa moja hadi ubavuni mwetu. Ikaishia hapo.

"Ni kiboko?" nikamwuliza Josefu.

Alitazama sana. "Kiboko angevuruga pote. Hii imenyooka kama mtaro."

Siku hiyo hodi ilikuja, ikaenda, ikarudi. Kila ikija mtoto alinyamaza, akanyonya. Ikikoma, anaachia titi, analia. Kufikia alasiri Agneta alikuwa amepiga magoti sakafuni, maziwa yamelowesha blauzi, anasema na mbao: "Usiache kugonga, baba. Tafadhali, usiache." Sijawahi kuogopa namna ile, na mimi nimewahi kukutana na chatu shimoni nikichimba choo.

Nikaketi karibu na Rasoa. "Shemeji, anapiga hodi. Mjibu."

"Nikimpa mtoto jina lake, nitakuwa nimemzika."

"Na ukikataa utamzika mtoto. Huyu mwenzako amekaa nje miaka hii yote."

"Mlango ulikuwa wazi!" akanipigia kelele.

"Mlango wa Iguhu. Yeye yuko kwa maji."

Alilala chini pale pale, kiganja kwenye sakafu.

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata gati hatukuliona, ila nyimbo za kanisa zilitufikia kutoka nchi kavu. Mtoto hakuwa na nguvu ya kulia. Mdomo ulifunguka tu, sauti haikutoka. Na kule chini kugonga kulikuwa kumepungua, kama mtu aliyechoka kusimama mlangoni.

Rasoa akainama. Akagonga sakafu kwa vidole vyake, mara mbili, akatulia, halafu moja.

Kule chini kukawa kimya.

"Karibu," akasema, polepole, kama mke anayemwambia mumewe chakula kimepoa. Akamchukua mtoto, akaweka mdomo sikioni mwake. "Shimenga."

Mtoto alivuta pumzi nikadhani ni ya mwisho. Halafu akalia kilio kimoja, kikali, kama aliyezaliwa saa hiyo. Agneta akampokea. Alinyonya mpaka akalala, na tone la maziwa shavuni. Hodi haikurudi. Nilipopanda juu, ukungu ulikuwa umeondoka na magugu yamejifunga yote. Ndege mmoja wa miguu mirefu alikuwa anatembea pale pale palipokuwa na njia.

Alasiri tulirudi. Juu ya mteremko, karibu na Kiboswa, Rasoa akamwambia Josefu asimamishe gari. Alishuka, akalitazama ziwa.

"Sasa yametulia," akasema, akaingia.

Mkiniuliza nilijifunza nini, nitawaambia Josefu alinidanganya. Msingi si kitu. Pahali mtu anaweza kupiga hodi, hapo ni nyumba. Kwa hiyo nililala katika nyumba ya mtoto wangu, na wazee wakitaka kunitoza kuku, nitamtoa.

Tulipofika Iguhu nilipita kwa Rasoa kumsindikiza. Giza lilikuwa linaingia. Aliniaga, akaingia ndani, nami nikaanza kushuka kuelekea kwangu. Nikiwa kwenye migomba yake nilisikia mlango ukirudishwa, halafu komeo, lililokuwa limeshika kutu, likisukumwa polepole mpaka mwisho.