Breki za Gari Jekundu Zinasubiri Neno la Shuaib

Upepo wa asubuhi bado una ubaridi kidogo huku Iftin, mjini Garissa. Shuaib Hirsi amelala chali chini ya gari jekundu la milango miwili, tochi ameishika kwa meno. Anagonga, anasikiliza, anagonga tena.

Gari ni la mpwa wake, Abdiqani, aliyelinunua Nairobi likiwa na seti ya kiwandani ya mwendo kasi: springi ngumu, matairi mapana, bawa la nyuma na breki kubwa zilizopakwa rangi ya dhahabu. Jumamosi anataka kulipeleka kwenye uwanja wa mbio za magari.

Mama yake, Saynab, ametoa sharti moja tu: kaka yake Shuaib aseme linafaa.

"Abti, kiwanda chenyewe kimesema ni la mashindano," anasema Abdiqani, akimwita mjomba kwa Kisomali. "Wewe umezoea malori ya mbuzi."

"Mbuzi hawajawahi kunilalamikia," Shuaib anajibu kutoka chini.

Shuaib, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, kwa miaka mingi aliendesha lori la kuleta mifugo kutoka Takaba, mpaka mgongo ulipomshinda. Sasa anatengeneza breki tu. Siku njema hurudi nyumbani na shilingi elfu mbili. Siku mbaya, na mkate.

Kazi ya kiwanda haidharau. "Springi nzuri hizi, na breki zinashika," anasema. "Lakini barabarani ukikanyaga breki, zinapata nafasi ya kupoa. Kule uwanjani kona inafuata kona."

Nyuma ya mtaa kuna kipande cha lami mpya ambacho hakijafunguliwa, na mlinzi anawaruhusu. Kiti cha pembeni ya dereva kimebana, mgongo wa Shuaib haukitaki. Anakwenda kwa miguu, anasimama kando ya lami, hatua chache mbele ya pipa walilokubaliana liwe mwisho wa kusimama.

Abdiqani anakimbiza, anafunga breki, anarudi, anakimbiza tena. Mara za kwanza gari linasimama kama limeshikwa mkia. Kisha linalipita pipa, linampita na Shuaib.

"Kanyagio limezama mpaka chini," Abdiqani anasema akishuka. Utani umemwisha. Harufu ya pedi za breki zilizoungua imejaa hewani. Anachukua jerikeni ayamwagie magurudumu maji, kama wafanyavyo madereva wa malori njia nzima ya Mandera.

"Weka chini. Diski zitapinda," Shuaib anamwambia. "Tembea nalo polepole, lipoe lenyewe."

"Kwa hiyo kiwanda kimenidanganya?"

"Hapana. Kimekuuzia gari zuri la barabarani. Uwanjani, mizunguko ya mwanzo utafurahi. Baada ya hapo ndipo utamkumbuka mama yako."

Shuaib anapanga kubadilisha mafuta ya breki na kuagiza pedi za mashindano, zinazostahimili joto. Zikichelewa, Jumamosi na ipite; kuna Jumamosi nyingine, inshallah. Halafu watalijaribu tena hapa hapa.

Simu inalia. Ni Saynab.

"Linafaa?"

"Bado, walaal," anamjibu dada yake. "Siku nikikwambia linafaa, jua nami nimo ndani, kiti cha pembeni."

Abdiqani anakitazama kile kiti. Kisha anainama, anaanza kukisogeza nyuma, mgongo wa mjomba upate nafasi.