Mkanda wa Feni wa Zamani

Mume wangu ana gari la kukodisha. Huwapeleka wapima maji huko ambako lami haijafika, na wiki nzima inaweza kupita sijasikia sauti yake. Mimi nina duka la spea mtaa wa Gerezani: mikanda, beringi na filta. Watu husema tulioana kwa hesabu. Si kweli, tulioana kwa mapenzi, spea zilikuja baadaye.

Kila safari yake huanzia sebuleni kwetu Kariakoo. Hutandika gunia sakafuni, hufungua sanduku lake la bati na kupanga vitu kimoja kimoja: spana, bisibisi, koleo, jeki, waya, vipande vya mpira wa tyubu, na kipande cha sabuni ya mche. Nilipokuwa bado bibi harusi nilidhani sabuni ile ni ya kunawia. Kumbe tangi la mafuta likitobolewa na jiwe, unaisugua pale penye tundu mpaka mafuta yaache kuvuja. Nilicheka siku nzima.

Kilichokuwa kinanikera ni spea zenyewe. Alikuwa na sheria yake: kipya kinafungwa kwenye gari, na cha zamani kilichotolewa kingali na nguvu ndicho kinachoingia sandukuni. Kwa hiyo sanduku la mume wa mwenye duka la spea lilijaa vitu vyeusi, vyenye grisi, vilivyolika kingo. Nikilalamika hunijibu kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kitu kile kilishakaa kwenye gari lake na anakijua. Jirani yangu wa duka, mzee wa Kihindi anayeuza taa za magari tangu mimi sijaja mjini, aliliona sanduku lile siku moja akanitania kwamba kweli mganga hajigangi. Nilicheka naye, lakini iliniuma.

Mwaka ule binti yetu alikuwa anapata kipaimara. Sisi watu wa Kilimanjaro jambo hilo hatulifanyii mchezo. Mashangazi hupanda basi kutoka Moshi na mikungu ya ndizi. Binti hakudai keki wala muziki. Alitaka baba yake akae benchi la mbele, basi. Baba huyu alishakosa mahafali, na alishakosa siku mtoto alipolazwa kwa malaria. Safari hii aliahidi kwamba Ijumaa atakuwa nyumbani, na kipaimara ni Jumapili.

Asubuhi aliyoondoka, alipokuwa anaoga, nilifungua sanduku. Nikautoa mkanda wa feni wa zamani na kuweka mpya kutoka dukani kwangu, ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Nilitaka siku akiufungua ajue kuna mtu nyumbani anamfikiria. Ule wa zamani nikampa mbeba mizigo mmoja afungie magunia kwenye mkokoteni wake.

Dukani kwangu mteja akija mikono mitupu namrudisha. Lete cha zamani tufananishe, ndivyo ninavyosema, hata kama anaapa kwamba namba anaijua kichwani. Asubuhi ile nilikuwa na mikanda yote miwili mikononi, na sikuilaza pamoja.

Ijumaa hakuja, simu haipatikani. Jumamosi hakuja. Jumapili binti alivaa gauni lake jeupe, na kanisani nikaweka kitenge changu kwenye nafasi ya baba yake ili mtu asikae. Alipokuwa anarudi kutoka madhabahuni alitazama benchi, akaona kitenge, akainamisha kichwa.

Mume wangu aliingia jioni, wageni wanamalizia pilau, grisi imempanda mpaka kwenye viwiko. Alimwambia binti kwamba mvua ilikata barabara, akamwomba msamaha. Binti aliendelea kukusanya sahani. Mimi nilijibu kwa niaba yake. Nilimwambia mbele ya dada zake waliotoka Moshi kwamba mtu mwenye nia ya kufika hufika. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuoga.

Jumatano alikuwa uani anafungua breki, nami nikaamua kumsafishia sanduku, maana hasira zangu huishia kwenye usafi. Juu kabisa palikuwa na mkanda niliomwekea. Ukingo wake ulikuwa umechunwachunwa na bisibisi, mtu alijaribu kuulazimisha kwenye puli, lile gurudumu linaloushika. Chini yake palikuwa na mkanda mwingine uliokatika, na vipande saba vya mpira wa tyubu vilivyofungwa mafundo na kuungua. Mtu hubeba kitu kilichokatika ili akifika dukani kifananishwe. Alikuwa ameniletea kama mteja yeyote, halafu akashindwa kunipa.

Nikailaza pamoja, sakafuni, kama ninavyofanya kila siku. Wangu ulikuwa mfupi kwa vidole viwili.

Nilitoka nayo uani, pamoja na vile vipande vya tyubu. Nikamuuliza kama mvua ilinyesha huko. Akasema ilinyesha kidogo. Kisha akaiona mikononi mwangu, na ndipo akanieleza: mkanda ulikatika porini Alhamisi, injini ikachemka, wangu ukakataa kuingia, akafunga mpira wa tyubu mahali pake, akaenda mpaka ukaungua, akasubiri injini ipoe, akafunga mwingine. Alikwenda hivyo mara saba mpaka akafika kwenye mji mdogo wenye duka.

Nilimuuliza kwa nini hakusema, tena nilivyomsema vile mbele ya watu.

"Mtoto angekukasirikia wewe," alisema. "Mimi keshanizoea."

Nililia nimesimama, mikanda mkononi. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, na nilijionea aibu kwa kiasi hichohicho. Hakutaka nimwambie binti, lakini nilimwita palepale nikamweleza yote: duka langu, karatasi mpya, macho yangu yaliyopima vibaya. Nilimwambia kwamba baba yake hakuikosa siku yake kwa kupenda, mimi ndiye niliyemkosesha.

Binti alishika vile vipande vya tyubu, akavihesabu. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa gauni jeupe, Jumatano mchana, akamwambia baba yake avae koti.

Tulitembea watatu mpaka studio moja ya picha karibu na Mnazi Mmoja, wapita njia wakimpongeza mtoto kama vile ndiyo kwanza ametoka kanisani. Mpiga picha aliwapanga vizuri, akatazama kwenye kamera, akaleta kitambaa. Alitaka baba afute mikono, kucha zilikuwa nyeusi na zingeonekana.

Binti aliushika mkono ule kabla kitambaa hakijafika.

"Mwache hivyohivyo," alisema. "Ndivyo alivyofika."