Mate ya Mapokezi

Jumatatu, kwenye kliniki moja ya Barking, mzee wa Kifiji alifika mapokezi amejishika kifua. Karani hakuinua hata macho. "Sorry, mate, hakuna nafasi wiki hii." Hapa London mate ni rafiki, ila rafiki wa aina hiyo.

Mzee akasema taratibu, "Kwetu mate ni kufa. Wahenga wetu walilibeba neno hilo kisiwa hadi kisiwa. Sasa umeniita, au umenitabiria?"

Mama wa Bukavu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaninong'oneza, "Kwetu ni ile ya mu kinywa. Afazali angemutemea tu."

Karani aliposikia kufa kukitajwa mbele ya foleni nzima, daktari alipatikana papo hapo. Karani mwenyewe akamshika mzee mkono, akamfungulia mlango, akamwita "sir". Kumbe kilichokuwa kikimchelewesha mzee ni urafiki.