Bawabu Anakula Mchana wa Ramadhani

Saa saba mchana, Ramadhani ina siku nne, na katika kichochoro hiki cha Mutsamudu jiko moja tu linafuka moshi. Anziza Combo, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, anakoroga sufuria ya samaki na shelisheli. Amefunga. Chakula si chake.

"Mama Kaltoum! Moshi wa nani huo mchana?" jirani yake, Touhfat, anamchokoza kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Wa mgeni!"

"Na mgeni wako hafungi?"

"Yuko safarini, bibi wee!"

Touhfat anaangua kicheko. Mgeni mwenyewe anainuka polepole kwenye mlango wa ghala la karafuu, na ua mzima unakuwa mdogo.

Anaitwa Bawabu. Ni boerboel, mbwa wa ulinzi wa asili ya Afrika Kusini, mwenye rangi ya mchanga na uso mweusi. Akisimama, mgongo wake unafika kiunoni mwa Anziza. Nyayo zake ni pana kama visahani. Anayemwona kwa mara ya kwanza hushusha sauti bila kuambiwa.

"Habweki ovyo," anasema Anziza, kwa Kiswahili alichokipata Unguja utotoni. "Anakutazama. Ukisogea, naye anasogea. Basi."

Ijumaa moja mwaka jana, wanaume wa mtaa wakiwa msikitini, vijana wawili wenye bunduki waliruka ukuta. Tangu kisiwa hiki cha Nzwani kijitenge na Komoro mwaka 1997, bunduki zimekuwa nyingi kuliko kazi. Bawabu hakumng'ata mtu. Alijiweka mlangoni, kifua mbele, kimya.

"Mmoja akasema, 'Piga.' Mwenzake akamjibu, 'Piga wewe.' Wakarudi kwa ukuta uleule."

Kazi hii ya kuwatunza mbwa wa tajiri mwenye ghala, Anziza aliirithi kwa mumewe, Abdou, aliyefariki mwaka 1998. Mshahara ni faranga elfu ishirini kwa mwezi. Tangu kisiwa kiwekewe vikwazo vya biashara kwa ajili ya kujitenga, nusu yake hulipwa kwa mchele.

Kazi ina vazi lake: kanga iliyopauka, inayotundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa nyumba. Pembeni ipo ndoo ya udongo safi. Ulimi wa Bawabu ukimgusa, Anziza huosha mara saba, moja kwa udongo, kabla ya kusimama kuswali.

"Watu waliniambia niache. Nikamwendea fundi aliyenisomesha Kurani. Akasema mbwa wa ulinzi ana ruhusa, na udongo haujaisha Nzwani."

Walikuja wawili kwa meli, wakiwa wadogo: Bawabu na dada yake, Nadra. Kwenye ukuta wa ghala bado ipo alama ya mkaa inayoonyesha kimo cha Nadra. Hakuna aliyeifuta.

"Nilimuua mimi," anasema Anziza, kisha anachochea moto chini ya sufuria.

Ramadhani iliyopita aliwalisha mbwa kama watu wa nyumba: mara moja, baada ya adhana ya magharibi, sinia tele. Aliona ni vizuri wale pamoja naye. Jioni moja gari la tajiri lilipiga honi na Nadra, tumbo likiwa limejaa, alikimbilia lango. Muda mfupi baadaye tumbo lilikaza kama ngoma. Alijaribu kutapika, pasitoke kitu. Isha haikumkuta.

Sababu ilikuja kwa barua, siku thelathini na nane baada ya maziko. Aliyeiandika ni mdogo wake Anziza, Inzoudine, msaidizi wa daktari wa mifugo mjini Moroni.

"Mbwa mwenye kifua kirefu namna ile, tumbo lake huning'inia kama mfuko," anaeleza Inzoudine, alipopatikana karibu na soko la Volo Volo mjini humo. "Likijaa kwa ghafla, naye akakimbia, linaweza kujisokota. Alishwe kidogo kidogo, mara tatu kwa siku. Akishakula, atulie saa nzima."

Halafu anatabasamu. "Siku hizi dada hanitumii salamu. Ananitumia uzito wa mbwa."

Uzito huo hupimwa kwenye mizani ya karafuu, kila mwanzo wa mwezi. Kabla ya vikwazo, kilo sabini na moja. Sasa, sitini na nne. Bawabu ana miaka sita, na wa aina yake huishi tisa au kumi tu.

Anziza anachambua miba yote kwa vidole, anapoza chakula, anakiweka chini. Bawabu anakula taratibu, kisha analala kivulini. Anziza anaketi kando yake, tasbihi mkono wa kulia. Wa kushoto, mkavu, anauweka juu ya mgongo mkavu. Kikavu kwa kikavu, anasema, hapana najisi.

"Kila mmoja ana funga yake. Mimi nimeacha kula, yeye ameacha mbio. Namwomba Mungu, huyu aione Idi. Akiiona, nitaomba Idi nyingine."

Nje ya lango, honi ya gari inalia mara mbili. Masikio ya Bawabu yanasimama. Misuli ya mapaja inakaza, na mwili wote ule unaanza kuinuka.

"Bado," anasema Anziza, kwa sauti ya chini.

Honi inalia tena. Bawabu anamtazama, anashusha pumzi ndefu, anarudisha kichwa chake kizito ardhini. Tasbihi inaendelea.