Mkanda wa Mashetani Usiku wa Karankasho

Mwaka tisini na tatu, nna miaka minane, baba aliugua akaacha kazi, shida ikaanza. Hata leo nikinusa njugu zikikaangwa, naikumbuka Ramadhani ile. Katikati ya mwezi mama akanipeleka dukani. Kesho yake ilikuwa Karankasho, usiku ambao kwetu watoto hugonga milango kuomba peremende, na nyumba isiyotoa kitu huimbiwa ubakhili mtaa mzima.

Dukani nikakamata chokoleti.

"Irudishe," mama akasema. "Pesa yetu inatosha njugu na kukodi mkanda wa video. Ule wa mashetani."

"Ramadhani, mama?"

"Mwezi huu mashetani wamefungwa minyororo, mwanangu. Lini tena tutawatazama kwa raha?"

Nikalia njia nzima. Nilijua tutaimbiwa.

Usiku wa Karankasho mama akatundika mabuibui yake makuukuu ukutani, televisheni akaielekeza mlangoni. Watoto wakaja na mifuko yao. Kwenye mkanda shetani akachomoza kisimani, wakapiga mayowe, lakini hawakukimbia. Wakaingia, wakakaa.

"Bi mkubwa, tuongeze njugu!"

"Kuleni, waoga nyinyi!"

Mpaka mkanda ukaisha, hakuna aliyetuimbia.

Shule sikufika mbali, ila biashara nilijifunza kwa mama usiku ule. Leo nna nyumba mtaa wa Hail, maduka mawili Mawaleh, lori moja na mbuzi.