Kinyozi Aliyejifundisha Yoga Mbele ya Kioo

Mtaani walimwita Mkono Mwepesi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja waliosinzia kitini wakaamka wamekwisha kunyolewa, ndevu zimechongwa, wala hawajui wembe ulipita saa ngapi. Ukimpa mwanamume sifa ya namna hiyo umemharibu. Ndiyo maana kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilipoanza kufa ganzi, na kidole cha jirani kikafuata, hakumwambia mtu. Alimwambia daktari tu, tena kwa sauti ya chini kama aliyeiba.

Daktari akampapasa shingo, akampigapiga kiwiko kwa kinyundo cha mpira, akasema ni mshipa wa fahamu unaobanwa shingoni, kwa sababu ya miaka mingi ya kusimama ameinama. Akampa vidonge. Akamwambia apunguze kazi, anyooshe viungo, hata yoga ingemfaa, ila atafute mtu wa kumwelekeza. Mkono Mwepesi aliyasikia yote isipokuwa hilo la mwisho. Binadamu ndivyo tulivyo, tukiandikiwa dawa tunachagua iliyo tamu.

Basi akajifunza kwa simu. Kila asubuhi kabla ya kazi alirudishia mlango, akasukuma kiti cha wateja ukutani, akatandika blanketi kuukuu sakafuni na kuegemeza simu kwenye rafu iliyo chini ya kioo, kati ya chupa ya spiriti na kopo la poda. Ndani ya simu kulikuwa na dada mwembamba mwenye sauti ya upole. Dada akiinama, naye anainama. Dada akijipinda kama nguo inayokamuliwa, naye anajikamua. Mwanzoni alianguka, akagonga kichwa kwenye beseni, akajicheka. Lakini alikuwa mbishi, na ubishi una faida zake. Baada ya muda viganja vilifika chini, pumzi ikawa ndefu, na usingizi uliokuwa umemkimbia ukarudi. Tusimnyime haki yake. Kuamka na kuanza bila kusukumwa na mtu, hilo alijifunza peke yake.

Mkewe, mfuaji wa mashuka ya hospitali, naye alikuwa akijifunza yoga, lakini kwa mwalimu. Kila Jumamosi alikwenda na wafuaji wenzake kwenye ukumbi wa shule ya jirani, akirudi mumewe anamngoja mlangoni na maneno yake.

"Haya, leo mmefundishwa nini?"

"Kusimama."

"Si hata wiki iliyopita mlifundishwa kusimama?"

"Wiki iliyopita tulikuwa tunasimama vibaya."

Kinyozi akacheka mpaka akapaliwa. "Mama watoto, kitoto kinachotambaa kitasimama bure, bila mwalimu! Mimi mwenzio nakaribia kusimama kwa kichwa."

"Simama hata kwa masikio, baba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila wewe kuinama mbele ya mtu hutaki. Unataka kuinamia simu."

Lilimchoma, akajitia hamnazo. Nyuma ya kicheko kile kulikuwa na hofu. Ganzi haikuwa ikipungua, ilikuwa ikipanda. Siku hizi kidole gumba hakikujua kama mashine ya kunyolea imewaka au imezimwa, ikabidi asikilize mlio. Kunyoa ndiyo kazi pekee aliyoijua tangu ujana wake. Mkono ule ukifa, kinyozi naye amekwisha. Akazidisha mazoezi, na kwa mkewe akazidisha mzaha. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema sote, tena tunawasemea wengine.

Siku ya kuumbuka ilikuja mchana kweupe. Aliingia mama mmoja mtu mzima, mkunga mstaafu kama alivyojieleza, mwenye nywele fupi za mvi. Alitaka zipunguzwe na shingo isafishwe kwa wembe. Mkono Mwepesi akamfunga shuka, akaanza kazi kwa mbwembwe zake zote, hadithi hii na utani ule, mpaka akafika nyuma ya sikio. Hapo wembe ukateleza. Ulikuwa mkwaruzo tu, lakini tone la damu likaangukia shuka jeupe. Kilichomtisha si damu. Kilichomtisha ni kwamba mkono haukumwambia kitu, mpaka macho yakaona.

"Samahani, mama. Samahani sana. Haijawahi kunitokea."

"Sikio lipo?"

"Lipo, mama."

"Basi hakuna msiba." Mama hakugeuka. Alikuwa akimtazama kwenye kioo. "Fundi, wewe shingo yako hukaa hivyo siku zote?"

"Hivyo vipi?"

"Jitazame."

Akainua macho. Miaka yote alisimama mbele ya kioo kile, na alichokuwa akitazama ni vichwa vya watu. Sasa akajiona. Bega la kulia lilikuwa limepanda kulifuata sikio, shingo imelala upande, kidevu kimechomoza mbele kama mtu anayechungulia kwa jirani. Na yeye alidhani amesimama wima. Aliona aibu, kisha akajionea huruma.

"Na hiyo ganzi, imeanza lini?" mama akauliza.

"Nani kakwambia nina ganzi?"

"Umetazama vidole vyako kabla ya kutazama sikio langu. Mtu anayevisikia vidole vyake havitafuti kwa macho."

Akamwaga yote, amesimama na pamba mkononi. Aliyoshindwa kumwambia mke wa nyumbani alimwambia mteja, mpaka habari ya dada wa kwenye simu. Mama akasema, "Hebu nionyeshe." Mlango ukarudishiwa, blanketi likatandikwa, simu ikawekwa mahali pake. Mkono Mwepesi akashika sakafu kwa mikono na miguu, akainua kiuno juu, akangoja sifa. Mama alikuwa bado na shuka shingoni, kichwa kimenyolewa nusu.

"Usisogee. Unatazama nini?"

"Namtazama dada, nisije nikapitwa."

Mama akainama, akaigeuza simu kifudifudi. "Sasa hakuna cha kutazama. Acha kichwa kining'inie. Kiache kabisa, hakitaanguka."

Kichwa kikashuka. Kitu fulani nyuma ya shingo kikalegea polepole, kitu ambacho hakukumbuka lini kilikaza. Hapo ndipo alipoelewa, kichwa chini, macho yakitazama magoti yake mwenyewe. Katika kila zoezi la kichwa kushuka yeye alikikunja juu ili aione simu. Shingo iliyobanwa na kazi mchana kutwa, asubuhi alikuwa akiibana tena, na kusema ni dawa.

"Huyo dada hana kosa," mama akasema akirudi kitini. "Anafundisha vizuri. Ila wewe unamwona, yeye hakuoni. Na hilo la kusimama kwa kichwa, umeshaanza?"

"Nilipanga wiki ijayo."

"Pangua. Jumamosi njoo ukumbini shuleni, tukufundishe kusimama."

Mkono Mwepesi akaachama. Kumbe ndiye mwalimu mwenyewe.

Jioni alimweleza mkewe kila kitu, akitazama sakafu. Mkewe hakushangaa hata kidogo. "Miezi yote hii unafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto," akasema. "Ulidhani nimelala? Na unadhani nani alimwambia mwalimu kwamba nywele zake zimekua?" Halafu akamwambia kilichomuuma ni kuachwa nje ya mlango, si maradhi. Naye akamwomba radhi, kwa dhati.

Jumamosi alikuwa mwanamume peke yake kati ya wafuaji, nao walimtania wakashiba. Walimwambia kinyozi hajinyoi, sembuse shingo. Alifundishwa kusimama. Mwalimu aligusa bega lake kwa kidole kimoja, bega likashuka, na baada ya kitambo likapanda tena bila ruhusa, likaguswa tena. Asubuhi aliendelea peke yake dukani, simu kifudifudi, akifuata sauti tu. Alijinunulia kigoda kirefu cha kunyolea ameketi, akapunguza wateja. Kuna wiki alizoona nafuu na kuna wiki alizokata tamaa kabisa, akamwambia mwalimu anapoteza muda wake. Mwalimu alimjibu kwamba mimba haiharakishwi kwa kuitazama.

Asubuhi moja ya kawaida tu, mkewe akamimina chai, yeye akakinyakua kikombe kwa mkono wa kulia huku akitafuta kiatu.

"Aaai!"

Chai ikamwagika mezani. Mkewe akaruka. "Nini?"

"Imeniunguza!" Alikuwa akikitazama kidole gumba, kimekuwa chekundu, na machozi yanamlengalenga. "Mama watoto, imeniunguza!"

"Na hiki kingine?"

Akakigusisha kikombeni, taratibu, akangoja. "Bado hiki," akasema. "Lakini mkubwa karudi."

Mkewe akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akakisogeza kidole mdomoni ili akipoze.

"Usipulize," mumewe akamwambia. "Acha nisikie."